Unatafuta mtoto kwa IVF? Hii ndiyo sababu unapimwa virusi kwanza

Wenzi wengi wanaofika kliniki ya IVF hushangaa. Wamekuja kutafuta mtoto, wanaambiwa wakapime VVU na homa ya ini B na C. Wapo wanaohisi wanashukiwa. Sivyo.

Yai na kiinitete vina ganda la nje linalovikinga. Hatari kubwa iko kwenye majimaji yanayovizunguka. Kwa mwanaume mwenye VVU, virusi hupatikana zaidi kwenye majimaji ya shahawa na chembe nyeupe. Ndiyo maana maabara "huosha" mbegu: huzungushwa kwa kasi kwenye mashine, mbegu zikajitenga, kisha hupimwa tena. Daktari Augusto Semprini wa Milan, Italia, alichapisha matokeo ya njia hii mwaka 1992.

Hatari nyingine ni kwenye kuhifadhi. Viinitete hugandishwa kwa naitrojeni ya maji, nyuzi 196 chini ya sifuri. Baridi hiyo haiui virusi, inavilaza tu. Mwaka 1995 iliripotiwa Uingereza kwamba wagonjwa walipata homa ya ini B kupitia tangi lililochafuliwa la kugandishia uboho. Havikuwa viinitete, lakini funzo lilieleweka: vya wenye maambukizi huwekwa kando, kwenye vifaa vilivyofungwa vizuri.

Kukutwa na virusi si mwisho wa safari. Dawa za ARV hushusha virusi, na mtoto wa mama mwenye homa ya ini B huchanjwa ndani ya saa 24 baada ya kuzaliwa. Muhimu daktari ajue mapema.