Pasaka Bila Kufungiwa Jikoni

Vitafunwa vya Kusini mwa Marekani unavyoweza kuandaa siku mbili tatu kabla, ili sikukuu ikukute umekaa na watu wako

Hebu nikuulize swali moja la kichokozi. Pasaka iliyopita, wageni walipobisha hodi kwenu, wewe ulikuwa wapi? Kama jibu lako ni "jikoni, nimejifunga kanga, jasho linanitiririka," basi vuta kiti tuongee. Na kama wewe ni yule kaka aliyekuwa sebuleni anabadilisha chaneli wakati mwenzio anakaanga sambusa za mwisho, usifungue ukurasa wa pili. Makala hii ni yako pia.

Mimi naishi Atlanta, jimbo la Georgia, na mume wangu ni mzaliwa wa huku huku. Wote wawili ni watu wa ofisini. Kuna jambo moja linalowashangaza Wabongo wengi wakifika Marekani: Ijumaa Kuu na Jumatatu ya Pasaka si sikukuu za kitaifa. Zile siku nne za kujinafasi tulizozoea nyumbani, huku hakuna. Wengi wetu tunatoka kazini Ijumaa jioni, Jumapili ni sherehe, Jumatatu asubuhi uko kwenye foleni ya magari na macho mekundu. Ukisema kila kitu upike siku yenyewe, Pasaka utaisikia kwa harufu tu.

Wenyeji wa majimbo ya Kusini walishalijua hili zamani. Wana kundi zima la vitafunwa vya kuandaa mapema, na vina kazi maalumu. Siku ya Pasaka wageni hutoka makanisa tofauti. Ibada moja inaisha saa tano, nyingine inavuka saa saba, na mchungaji akipata upako ndiyo kabisa. Paja la nguruwe au la kondoo bado liko kwenye oveni. Aliyefika wa kwanza, tena ana watoto, hawezi kukaa na njaa akimsubiri wa mwisho. Anapewa cha kutafuna, maongezi yanaanza, na mwenye nyumba yumo ndani ya maongezi hayo.

Hapo kwenye "yumo ndani ya maongezi" ndipo penye hoja yangu.

KITI PEMBENI YA MAMA MKWE

Pasaka ya mwaka 2024 iliangukia Machi 31. Kwetu ilikuwa ya kwanza tangu baba mkwe afariki. Mzee yule ndiye aliyekuwa akikata nyama, akisali sala ya chakula na kuwatania wajukuu. Mume wangu alikuwa na hofu ambayo hakuisema, ila niliiona: mama yake akae kwenye kochi peke yake, kila mtu akizunguka na sahani, na yeye aone pengo lile kubwa kuliko kawaida.

Tukakubaliana wiki mbili kabla kwamba siku hiyo mmoja wetu lazima awe huru kukaa na mama muda wote. Siyo kumpitia na kumuuliza "Mama, uko sawa?" halafu unakimbilia jiko. Kukaa hasa.

Mama alikuja amebeba sahani yake ya mayai. Huku Kusini kuna sahani maalumu zenye vishimo vya umbo la nusu yai, na familia nyingi hurithishana. Ile alipewa na mama yake alipoolewa. Akaniwekea mkononi bila hotuba. "Hii ikae kwako sasa, mwanangu. Mimi nimechoka kuiosha." Tukacheka, halafu hakuna aliyecheka tena.

Kwa kuwa kila kitu kilikuwa tayari kwenye friji, nilikaa naye karibu saa mbili. Alinisimulia mambo ya mumewe ambayo hata mwanawe hakuyajua, kuanzia siku waliyokutana. Mume wangu alipita na sinia, akasimama kusikiliza, akavuta kiti. Jamani, mazungumzo kama yale huwezi kuyaambia yasubiri mpaka mafuta yapate moto.

Sasa twende kwenye mapishi yenyewe. Yote nitakayotaja yanafanyika hata Sinza au Mbezi, bila kifaa cha ajabu.

1. MAYAI YA KUJAZA

Wamarekani huyaita "deviled eggs". Neno hilo lina shetani ndani yake, lakini usiogope: tangu karne ya 18 Waingereza walilitumia kwa chakula chenye viungo vikali. Hata hivyo, baadhi ya watu wa kanisani huku hukwepa kumtaja shetani mezani, hasa siku ya Pasaka, wakasema tu "mayai ya kujaza". Nami nafuata lugha ya kanisani.

Chemsha mayai 12 kwa dakika 10 hadi 12, yatie kwenye maji ya baridi sana, menya. Siri ni kutumia mayai yaliyokaa siku kadhaa, maana ya leo leo yanakataa kumenyeka. Kata katikati kwa urefu, toa viini, viponde na mayonezi robo kikombe, haradali vijiko viwili vya chai, siki kijiko kimoja cha chai, chumvi na pilipili manga. Viini hivyo vitie kwenye mfuko wa plastiki safi, na vikombe vya mayai vifunike kwenye chombo kingine. Friji. Asubuhi ya Pasaka unakata ncha ya mfuko, unaminya, unanyunyizia paprika. Dakika kumi, vipande 24.

2. JIBINI YA PIMENTO

Pimento ni pilipili nyekundu tamu isiyowasha, inayouzwa ndani ya chupa. Mwanzoni mwa karne ya 20 wakulima wa Griffin, mji ulio kusini ya Atlanta, waliilima kwa wingi mpaka eneo lile likajulikana kwayo. Sandwichi ya jibini hii huuzwa kila Aprili kwenye mashindano ya gofu ya Masters kule Augusta, na kwa miaka mingi bei yake imekuwa dola moja na nusu. Tajiri na mlalahoi wote wanaipanga foleni.

Kwaruza gramu 450 za jibini aina ya cheddar. Changanya na mayonezi nusu kikombe, pimento gramu 115 zilizochujwa na kukatwa, kitunguu kilichokwaruzwa kijiko kimoja cha chai, na pilipili ya unga kidogo. Watu wa Kusini wanabishana kuhusu mayonezi kama sisi tunavyobishana Simba na Yanga, na wengi wanaapa kwa Duke's, iliyoanzishwa na mama mmoja, Eugenia Duke, huko Greenville, South Carolina, mwaka 1917. Haina sukari. Kwa walio Dar: chukua hoho nyekundu, ichome juu ya moto mpaka ganda liwe jeusi, menya, katakata. Umemaliza. Mchanganyiko unakaa friji siku nne au tano bila shida, tena siku ya pili ndiyo unanoga. Paka kwenye biskuti za chumvi au vijiti vya figili mwitu, hata tango linafaa.

3. KUNDE ZA TEXAS

Hapa ndipo nilipotabasamu mara ya kwanza. Kunde! Zile zile za bibi. Mpishi Helen Corbitt, mzaliwa wa New York aliyehamia Texas, ndiye aliyezipa umaarufu miaka ya 1940 kwa kuziloweka kwenye mafuta, siki, kitunguu saumu na kitunguu maji. Zikabatizwa jina la utani, "Texas caviar", yaani mayai ya samaki ya kitajiri kwa bei ya kunde.

Chukua vikombe vitatu vya kunde zilizoiva lakini hazijapondeka. Ongeza hoho moja, kitunguu kimoja kidogo na majani ya kotimiri, vyote vimekatwa vidogo vidogo. Mwagia mafuta nusu kikombe, siki theluthi ya kikombe, punje mbili za kitunguu saumu zilizotwangwa, chumvi. Funika, weka friji usiku mzima. Nyanya ongeza siku yenyewe, zisije zikatoa maji. Watu huchota kwa chipsi za mahindi. Shosti wangu wa Tanga, Mwislamu ambaye nguruwe hamgusi, sahani hii na ile ya mayai anazimaliza kwa amani kabisa.

4. VIJITI VYA JIBINI

Hivi ni vya kuokwa, vinavunjika mdomoni. Jibini ya cheddar gramu 225, siagi gramu 115, unga wa ngano gramu 190, chumvi nusu kijiko cha chai na pilipili ya unga robo kijiko. Kanda, viringisha, kata vijiti vyembamba, oka kwa nyuzi 180 dakika 12 hadi 15. Vikipoa weka kwenye kopo lenye mfuniko, vinakaa wiki nzima. Donge lisilookwa linakaa kwenye friza hata mwezi.

UFUTA ULIOVUKA BAHARI

Mezani kwangu hakukosi sahani moja ya tamu: biskuti nyembamba za ufuta, maarufu Charleston, South Carolina. Wenyewe huuita ufuta "benne", neno lililotoka lugha za Afrika Magharibi. Mbegu zile zilifika Marekani na Waafrika waliotekwa na kuuzwa utumwani. Kunde na bamia navyo vilivuka kwa njia hiyo hiyo chungu.

Edna Lewis, mpishi na mwandishi aliyezaliwa mwaka 1916 na kufariki 2006, alikulia Freetown, Virginia, kijiji kilichoanzishwa na watu waliotoka utumwani, babu yake akiwamo. Kitabu chake "The Taste of Country Cooking" cha mwaka 1976 kilipanga milo kwa majira ya mwaka, na kikawafungua macho wengi kwamba chakula cha Kusini kina mikono ya Waafrika ndani yake. Mume wangu alipoonja kashata za ufuta nilizotumiwa kutoka Lindi, alinyamaza kidogo, akasema, "Mbona hizi nazijua?" Sikuwa na la kuongeza.

RATIBA YA WAWILI

Sisi tunabandika karatasi kwenye mlango wa friji, kila kazi na jina la mtu. Siyo "nisaidie", maana ukimsaidia mtu ina maana kazi ni yake. Wageni ni wenu wote.

Jumatano usiku: yeye anaoka vijiti vya jibini, mimi nakwenda dukani.

Alhamisi usiku: mimi natengeneza jibini ya pimento, yeye anaosha vyombo.

Ijumaa usiku: kunde zinachemshwa na kupoa.

Jumamosi: asubuhi kunde zinalowekwa, jioni yeye anachemsha na kumenya mayai, mimi naponda viini. Muziki unapigwa, simu ziko chumbani. Kiukweli hii ndiyo deti yetu ya wiki hiyo.

Jumapili: dakika kumi za kujaza mayai, dakika kumi za kupanga meza. Basi.

Nani atakaa na wageni, nani atafungua mlango? Mkubaliane kabla. Ugomvi mwingi wa sikukuu hauanzi kwa chumvi kuzidi. Unaanza pale mmoja anapohisi ameachiwa mzigo mbele za watu, akanuna, na wageni wakaona.

CHUNGA TUMBO LA MGENI

Mayai, jibini na mayonezi ni vya baridi. Friji iwe nyuzi 4 au chini ya hapo. Vikitolewa mezani visizidi saa mbili, na joto likipita nyuzi 32, kama inavyoweza kutokea barazani Dar siku ya jua kali, iwe saa moja tu. Weka sahani ndogo mezani, ukirudia kujaza kutoka kwenye friji, au laza sahani juu ya sinia la barafu. Mayai yaliyojazwa yaliwe ndani ya siku tatu. Na yale ya rangi ambayo watoto wameyatafuta bustanini asubuhi nzima, waachie watoto wachezee. Yasipandishwe mezani.

Huna haja ya kufanya yote matano. Kwa wageni kumi, chagua mawili ya baridi na moja la kuokwa, pilau lako libaki kuwa mfalme wa meza kama kawaida. Mwaka huu kaeni chini mapema, wewe na mwenzio, mjiulize jambo moja: ni nani kati ya wanaokuja anayehitaji zaidi mtu wa kukaa naye? Jina lake liandikeni juu kabisa ya karatasi ya friji, kabla hata ya kuandika mayai na siki.

Pasaka njema, na vyombo aoshe yule ambaye hakuosha Alhamisi!