Sigara Ikiachwa, Moyo Huwa Mzito

Yamekwisha kuandikwa mengi juu ya madhara ya sigara, na askari ye yote ajuaye kusoma amekwisha kuyaona maonyo yaliyochapwa juu ya pakiti yenyewe. Kansa ya mapafu, maradhi ya moyo, kifua kikuu kinachompata mvutaji kwa wepesi zaidi: habari hizi si ngeni, kwani Richard Doll na Austin Bradford Hill walitoa utafiti wao juu ya sigara na kansa ya mapafu huko Uingereza tangu mwaka 1950. Lakini liko jambo moja lisilotajwa sana, nalo huwarudisha wengi kwenye moshi hata baada ya kuapa mbele ya wenzao kwamba wameacha. Jambo hilo si kiu ya sigara peke yake. Ni huzuni.

Tutwae mfano wa koplo wa polisi aishiye katika kambi ya Nsambya, hapa Kampala. Hana jina, maana ni mfano tu, na wa namna yake wako wengi. Amevuta pakiti nzima kila siku tangu alipokuwa kuruta. Siku moja anaitupa pakiti na kutangaza kwamba amekoma. Siku ya kwanza anatembea kwa fahari. Siku ya pili kichwa kinamgonga. Siku ya tatu anamkaripia mtoto kwa sababu ya kikombe kilichoanguka. Siku ya nne hata hasira imemwishia. Ameketi ukingoni mwa kitanda, buti moja mguuni na nyingine mkononi, akiona kwamba kazi haina maana, mshahara hauna maana, na yeye mwenyewe vile vile. Mkewe anamwuliza kulikoni, naye hana la kujibu, kwa kuwa hakuna lililotokea. Jioni ananunua sigara moja kibandani, ingawa sheria inakataza kuziuza moja moja, na kabla haijafika nusu moyo wake umetulia. Hapo anatoa hukumu: kumbe bila sigara mimi si mtu.

Hukumu hiyo ina kasoro ambayo askari mpelelezi angeiona mara moja: shahidi pekee aliyesikilizwa ni mshtakiwa mwenyewe.

Nikotini, ile sumu ya tumbaku inayoleta uraibu, hufika katika ubongo sekunde chache tu baada ya moshi kuvutwa. Huko huamsha viini vinavyompa mtu raha na utulivu. Ubongo ukizoea kupata msaada huo kutoka nje, hujirekebisha ili uutegemee. Nayo nikotini haikai sana: kila baada ya muda wa saa mbili hivi, nusu yake imekwisha kuondoka katika damu. Basi mvutaji huanza kupungukiwa mara nyingi kwa siku, akaona uchovu, wasiwasi na uzito wa moyo, kisha akawasha nyingine na kuona nafuu. Nafuu hiyo ni kama ya mtu aliyeibiwa mchana, na jioni mwizi yule yule akamkopesha fedha zake mwenyewe. Naye akashukuru!

Askari akiacha kabisa, upungufu ule mdogo wa kila saa hugeuka kuwa mmoja mkubwa. Huanza saa chache baada ya sigara ya mwisho, huwa mkali zaidi katika juma la kwanza, na kwa watu wengi hupungua kati ya juma la pili na la nne. Huzuni, hasira za karibu, usingizi wa vipande vipande, njaa isiyokwisha, akili kutotulia: yote hayo ni dalili za mwili unaojirudisha katika hali yake ya asili. Koplo wetu alirudi nyuma akiwa katika siku zilizo mbaya kuliko zote, akadhani kwamba maisha yake yote yatakuwa vile.

Je, baada ya majuma hayo hali huwaje? Mwaka 2014 Gemma Taylor na wenzake walichapisha katika jarida la madaktari wa Uingereza uchunguzi uliokusanya tafiti 26. Waliona kwamba walioacha sigara, wakilinganishwa na walioendelea kuvuta, walipungukiwa na huzuni, wasiwasi na msongo wa mawazo. Na nafuu hiyo ilionekana hata kwa wale waliokuwa na maradhi ya akili tangu mwanzo. Watu wengi, na hata waganga wengine, wamezoea kusema kwamba mgonjwa wa moyo mzito aachiwe sigara yake imliwaze. Ushahidi unasema kinyume.

Sigara na jeshi ni marafiki wa zamani. Katika Vita Kuu ya Pili askari wa Uingereza walipewa sigara pamoja na chakula chao, na jeshi la Marekani liliendelea kuziweka katika vifurushi vya chakula hadi mwaka 1975. Hapa Uganda tumbaku ililimwa West Nile, mahali ambapo vijana wengi waliandikwa katika King's African Rifles, na kiwanda cha Jinja kilitengeneza sigara kwa miaka mingi mpaka kazi hiyo ilipohamishiwa Nairobi mwaka 2006. Mzee aliyerudi vitani na mtoto aliyekulia kando ya kibanda cha kukaushia majani ya tumbaku wote waliona kwamba askari na sigara ni kitu kimoja.

Na kambini sigara si moshi tu. Ni ruhusa. Askari anayesimama bure nyuma ya chumba cha zamu ataulizwa anafanya nini. Anayesimama akivuta haulizwi. Dakika tano zile ndizo pumziko lake, ndipo anapopata habari za nyumbani kwa mwenzake, ndipo sajini na kuruta huwashiana kiberiti wakasahau vyeo kidogo. Anayeacha sigara hupoteza na kikao hicho, akabaki peke yake wakati moyo unapohitaji watu. Kwa maoni yangu hii ni nusu ya huzuni yenyewe, na hakuna kidonge kinachoitibu. Basi asiziache dakika tano. Atoke kama kawaida, lakini aende upande wa pili na mwenzake asiyevuta, au azunguke uwanja wa gwaride kwa mwendo wa haraka. Kutembea hivyo kwa dakika kumi hupunguza hamu ya sigara na kuinua moyo kwa muda, na hamu yenyewe ikija haikai sana. Mara nyingi hupita baada ya dakika chache.

Kahawa nayo itazamwe. Moshi wa sigara huufanya mwili uimalize kahawa upesi, hivyo anayeacha kuvuta na kuendelea na vikombe vile vile hujikuta anatetemeka, moyo unadunda, na usiku hapati usingizi, akidhani ni sigara anayoililia. Apunguze vikombe, na chai ya rangi vile vile. Waragi ni hatari zaidi. Pombe humliwaza mtu jioni na kumwamsha na huzuni kubwa alfajiri, na tena baa ndipo mahali ambapo mkono huielekea pakiti bila kuamriwa. Kuhamia kwenye shisha au sigara za kielektroniki si kuacha, na sheria ya Uganda ya mwaka 2015 ya kudhibiti tumbaku imezipiga marufuku zote mbili. Sheria hiyo hiyo inakataza kuvuta mahali pa umma, kazini na katika vyombo vya usafiri, hata ndani ya mita 50 kutoka mahali pa umma; polisi anayemwonya raia huku pakiti imevimba katika mfuko wa shati lake ana kazi ngumu.

Dawa ziko. Shirika la Afya Duniani limeweka katika orodha yake ya dawa za lazima vibandiko na chingamu zenye nikotini tangu mwaka 2009, na mwaka 2021 likaongeza vidonge vya varenicline na bupropion. Hicho cha pili kilianza kutumika kama dawa ya huzuni kubwa. Palikuwa na hofu kwamba vidonge hivi huharibu akili. Utafiti mkubwa wa mwaka 2016, uliohusu watu zaidi ya 8,000, haukuona kwamba viliongeza hatari hiyo kwa kiasi cha maana. Hata hivyo vyote hivi huanzia kwa daktari. Aliye tayari katika matibabu ya akili ni lazima amwambie daktari kabla ya kuacha, kwa sababu baadhi ya dawa huongezeka katika damu moshi unapokoma, na kipimo huenda kikahitaji kupunguzwa.

Sasa nifike penye uzito. Huzuni ya kuacha sigara hupanda na kushuka, nayo hupungua kadiri siku zinavyopita. Ikiwa majuma mawili yamepita na inazidi, ikiwa mtu hali, halali, hacheki na watoto wake, au anafikiri kwamba afadhali afe, hiyo si sigara tena na haifai kungojewa. Mtu huyo ana bunduki mikononi. Kurudisha silaha ghalani na kumwambia mkuu wako, “Afande, siko sawa, nipeleke kwa daktari,” si utovu wa nidhamu. Na mkuu anayeambiwa hivyo asimcheke wala asimwache aende peke yake. Zahanati ya kikosi ipo, hospitali ya jeshi ya Mbuya ipo, na Butabika, ambayo wengi huitaja kwa mzaha tu, imekuwa ikitibu watu tangu mwaka 1955, pamoja na walionaswa na pombe na madawa ya kulevya. Katika Wizara ya Afya, marehemu Dakta Sheila Ndyanabangi alisimamia mapambano dhidi ya tumbaku huku akiongoza pia idara ya afya ya akili. Kazi hizo mbili zilikuwa mezani kwa mtu mmoja, na zilistahili kuwa hapo.

Na yule koplo aliyevuta moja jioni ya siku ya nne? Hajashindwa. Wengi walioacha kabisa walijaribu mara kadhaa kwanza. Aandike katika daftari saa aliyovuta, mahali, na nani alikuwa naye. Akijaribu tena safari ya pili na ya tatu, ataona kwamba majina na mahali ni yale yale: kibanda cha mlangoni, jioni ya mshahara, lindo la saa tisa usiku. Amwombe sajini ambadilishie lindo hilo kwa juma moja tu.