Kupima si kukosa imani

Mgonjwa akiambiwa kwamba saratani ya utumbo mpana imesambaa tumboni, kila mtu humletea lake: huyu mizizi, yule mafuta ya upako, mwingine habari za tiba mpya ng'ambo. Anayeuliza kama inaponya kweli huambiwa hana imani.

Madaktari nao walikuwa na tiba waliyoitumainia. Baada ya kuondoa kwa upasuaji uvimbe wote unaoonekana kwenye utando wa tumbo, walimimina humo dawa ya saratani iliyopashwa moto hadi nyuzi 43 na kuizungusha kwa dakika 30, ili iue mabaki yasiyoonekana kwa macho.

Huko Ufaransa wakaamua kuipima. Kati ya mwaka 2008 na 2014, wagonjwa 265 walikubali kura iamue: nusu wapate upasuaji pamoja na dawa hiyo ya moto, nusu upasuaji bila dawa hiyo. Kura haipendelei mtu. Hata mitume waliipiga alipopatikana Mathiya.

Matokeo yalichapishwa mwaka 2021. Waliopata dawa ya moto, nusu yao waliishi zaidi ya miezi 41.7. Wasioipata, miezi 41.2. Hakuna tofauti ya maana. Lakini kufikia siku ya 60, madhara makubwa yaliwapata asilimia 26 ya waliopewa dawa, dhidi ya asilimia 15 ya wenzao.

Je, walipoteza muda? Hapana. Ilionekana kwamba upasuaji wa makini unaweza kumpa mgonjwa aliyefaa kufanyiwa miaka zaidi ya mitatu, na wanaofuata wakaepushwa mateso yasiyo na faida. Zawadi hiyo ilitoka kwa wagonjwa wenyewe, na wengi wao hawakuishi kuona matokeo.

Mtume Paulo aliwaagiza Wathesalonike wapime kila jambo na kulishika lililo jema. Hakusema tupime ya wengine tu. Basi shuhuda zetu nazo tuzipime kabla ya kumshauri mgonjwa aache hospitali. Tumwombee, tumchangie nauli, tumsindikize kliniki. Nawe ukiona damu chooni, au choo kimebadilika kwa wiki kadhaa, usingoje semina ya uponyaji. Nenda ukapimwe, huku ukiomba. Luka aliyetuandikia Injili alikuwa tabibu.

Jumapili njema.