Mwogeleaji wa Kifua na Bwawa la Mita 25

Katika mitindo minne ya kuogelea inayoshindaniwa, yaani mtindo huru, wa mgongo, wa kipepeo na wa kifua, huu wa mwisho ndio wa polepole kuliko yote na ndio uliozungukwa na sheria nyingi zaidi, na mambo hayo mawili kwa pamoja huamua maisha ya kimichezo ya kijana anayeuchagua. Rekodi ya dunia ya wanaume ya mita 100 kwa mtindo huru, iliyowekwa na Pan Zhanle wa China mjini Paris mwaka 2024, ni sekunde 46.40, ilhali ile ya mtindo wa kifua, aliyoiweka Adam Peaty wa Uingereza huko Gwangju mwaka 2019, ni sekunde 56.88. Tofauti hiyo inatokana na ukweli kwamba mwogeleaji wa kifua hurudisha mikono na magoti mbele ndani ya maji, kwa hiyo kila anapojikunja kujiandaa kwa teke jipya, maji humzuia, kasi yake ikaporomoka hadi karibu na kusimama, naye akalazimika kuijenga tena.

Teke lenyewe linastahili kutazamwa kwa makini. Visigino huvutwa kuelekea makalio, nyayo hugeuzwa nje kama za bata, kisha miguu yote miwili husukuma maji nyuma kwa mviringo mpaka ikutane na kunyooka. Katika mitindo mingine mikono ndiyo hubeba sehemu kubwa ya kazi, lakini hapa miguu hupewa mzigo mkubwa mno, na ndiyo maana nyonga na vifundo vinavyopinda kwa urahisi huweza kumfaa kijana kuliko kimo kirefu. Gharama yake hulipwa na goti. Kano ya upande wa ndani wa goti, yaani ule mshipi mgumu unaouunganisha mfupa wa paja na wa ugoko, huvutwa katika kila teke, na kocha anayempa mtoto wa miaka 12 mateke ya kifua kwa saa nzima bila kubadilisha mazoezi anamtayarishia maumivu.

Sheria nazo zimekua kwa kufukuzana na werevu wa waogeleaji. Kwenye Olimpiki ya Melbourne mwaka 1956 Masaru Furukawa wa Japani alishinda mita 200 akiwa chini ya maji kwa sehemu kubwa ya mbio, jambo lililokuwa halali wakati huo, na baada ya hapo sheria ilibadilishwa ili kichwa kiwe kinaibuka. Leo, baada ya kuruka na baada ya kila kugeuka, mwogeleaji anaruhusiwa mvuto mmoja mrefu wa mikono hadi mapajani na teke moja tu la kipepeo kabla ya kuibuka, na anapofika ukutani lazima mikono yote miwili iguse kwa wakati mmoja. Mkono mmoja ukitangulia, mwamuzi huinua mkono wake na muda wote wa mbio hufutwa, hata kama mtoto huyo ndiye aliyewaacha wenzake.

Kwa kijana wa Kiwalani, kata ya Ilala jijini Dar es Salaam iliyo jirani na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Julius Nyerere, maji yaliyo rahisi kuyapata ni ya bahari, na bahari humfundisha mtu kutoogopa maji bila kumfundisha mtindo wa kifua, kwa kuwa haina ukuta wa kugeukia, wala mstari wa chini wa kufuata, wala utulivu unaomwezesha kocha kuziona nyayo zilizogeuka vibaya. Mabwawa ambamo klabu za Dar es Salaam hufanyia mazoezi na mashindano mara nyingi ni ya shule za kimataifa, kama International School of Tanganyika kule Masaki na HOPAC upande wa kaskazini mwa jiji, safari ambazo kwa daladala humlazimu mtoto kuondoka alfajiri na kurudi na madaftari yaliyolowa. Anayesema kwamba watoto wa uswahilini hawana hamu ya kuogelea hajawahi kuipiga hesabu ya nauli.

Tena, mabwawa hayo ni ya mita 25, na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalitambui. Mbio za mita 100 katika bwawa la mita 25 zina mageuko matatu, na katika bwawa la Olimpiki lenye mita 50 zina geuko moja tu. Kwa kuwa mwogeleaji wa kifua husonga kwa kasi zaidi pale anapojisukuma ukutani na kuteleza chini ya maji kuliko anapoogelea juu, kila geuko humpa nafuu, na muda aliouzoea nyumbani huongezeka akifika kwenye bwawa refu bila yeye kudhoofika hata kidogo. Wakenya angalau wana bwawa la mita 50 pale Kasarani, lililojengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya mwaka 1987.

Njia ya kwenda Olimpiki kwa nchi kama Tanzania hupitia zaidi nafasi za ushiriki wa mataifa yote, ambazo hutolewa kwa mwanamume mmoja na mwanamke mmoja pale nchi inapokosa mwogeleaji aliyefikia viwango vya kufuzu. Mjini Paris mwaka 2024 nafasi hizo za Tanzania zilichukuliwa na Collins Saliboko katika mita 100 na Sophia Latiff katika mita 50, wote kwa mtindo huru. Mwogeleaji wa kifua, kwa hiyo, hushindana na wenzake wa mitindo mingine kabla hajakutana na mgeni yeyote.

Subira hapa ina kipimo chake. Tatjana Schoenmaker, mwogeleaji wa kifua wa Afrika Kusini, alikosa kufuzu kwenda Rio mwaka 2016 kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na miaka 5 baadaye mjini Tokyo akashinda mita 200 kwa dakika 2 na sekunde 18.95, iliyokuwa rekodi ya dunia. Rūta Meilutytė wa Lithuania alishinda mita 100 mjini London mwaka 2012 akiwa na miaka 15, akastaafu mwaka 2019, kisha akarudi na kuweka rekodi ya mita 50 mwaka 2023.

Mbio hizo za mita 50 za mtindo wa kifua zitaingia Olimpiki kwa mara ya kwanza Los Angeles mwaka 2028, na kwa kuwa bwawa la huko ni la mita 50, hazitakuwa na geuko hata moja, wakati kijana wa Dar es Salaam atakuwa amezifanyia mazoezi miaka yote kwa kugeuka katikati.