Kituo cha petroli ni cha baba. Je, akifumba macho?

Ukisafiri usiku kutoka Mombasa kwenda bara, msomaji, hujui umefika wapi mpaka mwanga wa vituo vya petroli vya Maungu na Voi ukupige usoni. Basi linaingia, kanga zinakazwa viunoni, watoto wanakimbizwa msalani, na kwenye duka lililo pembeni watu wanagombania maji baridi, mkate na soda. Dakika kumi baadaye mmeshaondoka. Ni nadra mtu kujiuliza: hivi vituo ni vya nani?

Jina lililo juu ya nguzo lisikudanganye. Huenda nembo ni ya kampuni kutoka Ufaransa au Uingereza, na anayelala akiwaza mafuta ni mzee mmoja wa hapo hapo, mke wake na wanawe. Wako waliokodishwa kituo na kampuni, wao wanauza tu kwa mkataba. Na wako walionunua kiwanja wenyewe, wakachimba matangi wenyewe, wakaanza na pampu mbili, kisha wakafungua cha pili Mwatate na cha tatu kule Taveta. Hawa wa pili ndio ninaotaka tuwazungumzie leo, kwa sababu biashara yao ni ya nyumbani hasa, na ya nyumbani ina mambo yake.

Zamani mlango huu ulikuwa umefungwa. Serikali ndiyo iliyopanga bei, na soko lilishikwa na majina makubwa kama Shell, Caltex, Esso na Agip. Mwaka 1994 Kenya ililegeza sheria hizo, na Wakenya wengi wakajitosa. Hass Petroleum, kwa mfano, ilianzishwa mwaka 1997 na leo iko katika nchi kadhaa. Wakubwa wengine wakafunga virago. Vituo vya Caltex vikageuka vya Total mwaka 2009. Hata Kenol, iliyoanzishwa mwaka 1959, ilinunuliwa na Rubis ya Ufaransa mwaka 2019. Katikati ya kuingia na kutoka huko, familia za miji midogo zilipata nafasi ya kupenya.

Taita Taveta ni mahali pazuri pa kujaribu bahati hiyo. Voi iko kilomita 150 hivi kutoka Mombasa, na hapo ndipo barabara ya Taveta inapochepuka. Mashamba ya mkonge yanataka dizeli ya matrekta. Wachimba vito wa Kasigau wanataka dizeli ya mitambo. Wundanyi kuko juu mlimani, na matatu ikipanda zile kona inakunywa mafuta kama ng'ombe aliyetoka malishoni. Siku za soko la Taveta malori ya ndizi, nyanya na vitunguu hayahesabiki. Tangu lami ya Mwatate hadi Taveta ikamilike katika muongo wa 2010, na kituo cha pamoja cha mpakani kufunguliwa Holili na Taveta mwaka 2016, magari yanayokwenda Moshi na Arusha yameongezeka.

Lakini kuna kichekesho. Bomba la mafuta la Mombasa hadi Nairobi, lililoanza kazi mwaka 1978, linapita chini ya ardhi ya kaunti hii hii, na Maungu kuna mitambo ya kuyasukuma. Mwenye kituo cha Voi anayasikia yakipita, ila hana pa kuyateka. Yake lazima yaje kwa lori kutoka maghala ya Mombasa, akilipia usafiri.

Sasa tupige hesabu kidogo, usichoke. Lori moja la lita 30,000 kwa bei ya Sh180 kila lita ni Sh5.4 milioni. Fedha hizo aghalabu hutakiwa kabla lori halijaondoka Mombasa. Tangu Desemba 2010 serikali imerudi kupanga bei ya juu kabisa ya kila mji, na bei mpya hutangazwa tarehe 14 ya kila mwezi, ikaanza kutumika usiku wa manane. Ukijaza tangi tarehe 13 kisha bei ishuke kwa Sh5, umepoteza Sh150,000 ukiwa umelala. Ikipanda, umepata. Basi utawakuta baba na mama wameketi sebuleni jioni ya tarehe 14, redio imefunguliwa, hakuna anayeruhusiwa kukohoa.

Hapo ndipo unapoona umuhimu wa mama katika biashara hii. Mzee ndiye anayejulikana mjini, ndiye anayeitwa kwenye harambee. Lakini anayeamka alfajiri kutumbukiza kijiti cha kupimia tangini, akalinganisha na nambari za pampu, akajua kwamba lita 40 hazionekani, mara nyingi ni mama. Petroli huvukia joto likizidi, na Voi ni joto kwelikweli. Lita chache kupotea ni kawaida. Arobaini kila siku si joto tena. Hapo kuna mhudumu mwenye mkono mrefu, au, jambo linalouma zaidi, kuna mtoto wa nyumbani anayejazia pikipiki za marafiki zake.

Ndiyo sababu lile duka la pembeni si pambo. Faida ya kila lita serikali imeikadiria, huwezi kuiongeza hata senti. Faida ya maji ya chupa, mitungi ya gesi, mandazi, betri na wakala wa M-Pesa ni yako kupanga. Mwenye kituo anayejua kazi yake atakuambia petroli humleta mteja, na duka ndilo linalolipa karo.

Kisha kuna kitabu cha madeni. Shule inachukua dizeli ya basi, italipa muhula ukifunguliwa. Mwenye matatu ni shemeji. Ofisi ya umma nayo inachukua kwa barua, na barua hizo zinaweza kukaa mwaka mzima. Ukikataa, unaitwa mchoyo. Ukikubali kila mtu, lori lijalo hutalipia.

Mitihani ya nje nayo haikukosekana. Mwaka 2019 serikali iliagiza makontena ya bara yapakiwe kwenye treni ya SGR, na malori yakapungua njiani. Maungu na Voi, vibanda vya chakula, nyumba za wageni na vituo vya mafuta vilihisi pengo hilo hadi Septemba 2022, Rais William Ruto aliporudisha shughuli hizo Mombasa. Aprili mwaka huo huo kulikuwa na uhaba wa mafuta, na wenye vituo vidogo walilalamika kwamba wakubwa walijihudumia wao kwanza. Mwenye vituo vitatu hana ghala lake wala meli yake. Anangoja.

Hata hivyo, familia nyingi hupita mitihani hiyo. Unaozishinda unatoka ndani.

Mfano mnaujua nyote, ingawa ni wa maduka makubwa wala si petroli. Joram Kamau alianza na duka Rongai, Nakuru, likazaa Tuskys. Alifariki mwaka 2002. Kufikia mwaka 2012 wanawe walikuwa wanaburutana mahakamani, na kuanzia mwaka 2020 matawi yakafungwa moja baada ya jingine. Ugomvi haukuwa sababu pekee, madeni pia yalikuwapo, lakini ndugu wasiosemezana hawawezi kuokoa duka linalozama. Naivas nayo ilitokea huko huko Rongai, ilimpoteza mwanzilishi wake mwaka 2010, na ndugu nao walifikishana mahakamani. Hata hivyo ilisimama, ikauza sehemu ya hisa zake kwa wageni, na ingali wazi.

Sasa rudi kwenye kituo chetu cha Voi. Mzee amefariki bila wosia. Kiwanja ni kwa jina lake. Leseni ni kwa jina lake. Akaunti ya benki ni sahihi yake peke yake. Chini ya Sheria ya Urithi, Sura ya 160, mali haigusiki mpaka mahakama itoe kibali cha kuisimamia, na hilo huchukua miezi. Kama alikuwa na nyumba mbili, kila nyumba inahesabiwa kwa idadi ya watoto wake, na mjane naye anahesabiwa. Wakati huo tangi linakauka, wahudumu wanatafuta kazi kwa jirani, na madereva wa malori, ambao hawana subira, wamezoea kusimama kwingine. Kifungua mimba anasema yeye ndiye aliyeshika pampu tangu akiwa darasa la sita. Kitinda mimba yuko Nairobi, anataka kiuzwe wagawane. Binti aliyekuwa akiandika vitabu vyote haulizwi, kwa kuwa ameolewa Taveta, ingawa sheria haibagui mtoto wa kike na wa kiume.

Kama una kituo, au duka, au hata posho-mili, na unasoma haya ukiwa na nguvu zako, dawa haihitaji mganga. Sajili kampuni, hisa ziandikwe majina. Benki iwe na sahihi mbili, na moja iwe ya yule anayejua kijiti kinasema nini alfajiri. Wosia uandikwe mbele ya mashahidi wawili wasiorithi kitu. Na hilo jambo lisemwe mezani, watoto wote wakiwapo, pamoja na yule wa Taveta.

Wengi huogopa, wakidhani kuandika wosia ni kujiita kaburini. Tangi la petroli nalo ni hatari, na bado kila asubuhi mnalifungua mkalipima.