Rangi ya Sauti: Jinsi Kinanda cha Umeme Kinavyoiga Fidla na Kengele

Tangu miaka ya 1990 vikundi vingi vya taarabu ya kisasa vya Unguja na Dar es Salaam vimekipa kinanda cha umeme kazi iliyokuwa ikifanywa na fidla, ganuni na udi. (Neno lenyewe limesafiri mbali: katika pwani ya zamani, kinanda kilikuwa ala ya nyuzi, jamaa ya udi.) Mpigaji hubonyeza kitufe cha fidla akitazamia kusikia fidla. Mara nyingine husikia kitu kinachokaribiana nayo. Mara nyingine husikia kitu kisichofanana na ala yoyote. Sababu za tofauti hiyo ni za kifizikia, na aliyekwisha kusoma habari za mawimbi katika shule ya sekondari aweza kuzifuata bila ya taabu.

Uzi wa fidla unaotetemeka mara 440 kwa sekunde, yaani hezi 440, hautoi mtetemo huo peke yake. Pamoja na mtetemo wa msingi hutokea mingine ya hezi 880, 1,320, 1,760 na kuendelea. Tuiite mitetemo hiyo sauti fuatizi. Sikio huzipokea zote kwa pamoja kama sauti moja, na uwiano wa nguvu zao ndio unaoipa sauti rangi yake. Jambo hili lilifafanuliwa kwa kirefu na mtaalamu wa Kijerumani, Hermann von Helmholtz, katika kitabu alichokitoa mwaka 1863. Klarineti, kwa mfano, katika sauti zake za chini ina sauti fuatizi za namba witiri zenye nguvu, na zile za namba shufwa ni dhaifu. Ndiyo maana husikika kana kwamba ina uwazi ndani yake.

Lakini uwiano huo hautoshi. Sauti ya piano ikirekodiwa katika utepe, kisha utepe ukachezwa kinyumenyume, msikilizaji hudhani kuwa anasikia kodiani, ijapokuwa sauti fuatizi ni zilezile. Kilichobadilika ni mwendo wa nguvu ya sauti katika muda. Piano na udi huanza kwa kishindo na kufifia. Fidla hupanda polepole na kudumu maadamu upinde unavutwa. Kwa hiyo atakaye kuunda sauti kwa umeme hana budi kuamua mambo mawili: ni sauti fuatizi zipi ziwemo, na kila moja izaliwe na kufa vipi.

Njia ya kwanza iliyopata umaarufu ni ile ya kupunguza. Mmarekani Robert Moog alionyesha vyombo vyake vya kwanza mwaka 1964, na mwaka 1970 ukatoka Minimoog, uliokuwa mdogo kiasi cha kubebeka. Humo kitetemeshi cha umeme hutoa wimbi lenye umbo la meno ya msumeno, ambalo lina sauti fuatizi zote: ya pili ina nusu ya kimo cha ile ya msingi, ya tatu ina theluthi, na kadhalika. Kisha kichujio huondoa zisizotakiwa. Kazi hii yafanana na ya mchonga vinyago, ambaye huanza na gogo zima.

Njia ya pili ni ya ajabu zaidi. Mwaka 1967 John Chowning, mwanamuziki wa Chuo Kikuu cha Stanford, alikuwa akijaribu kuitikisa sauti moja kwa kutumia nyingine katika kompyuta. Mtikisiko ukiwa wa mara tano au sita kwa sekunde, husikika kama sauti ya mwimbaji inayotetema. Ukipita mara ishirini hivi kwa sekunde, sikio haliwezi tena kuufuata; badala yake husikia sauti mpya. Hesabu yake ni nyepesi. Sauti ya hezi 200 ikitikiswa na nyingine ya hezi 400, hutokea sauti zilizopatikana kwa kujumlisha na kutoa 400 tena na tena: 200, 600, 1,000 na kuendelea. Upande wa kutoa huleta hasi 200 na hasi 600, nazo husikika kama 200 na 600. Zote ni namba witiri za msingi wa 200, na msikilizaji husikia kitu kama klarineti. Mtikisaji akibadilishwa kuwa hezi 280, hupatikana 80, 200, 360, 480, 640, 760 na nyinginezo, zisizopangika kwa usawa juu ya msingi unaosikika. Hiyo ndiyo tabia ya chuma kilichogongwa, na sauti inayotoka ni ya kengele.

Chuo kiliiuzia kampuni ya Yamaha ruhusa ya kutumia ugunduzi huo, na mwaka 1983 ukatoka kinanda cha DX7 chenye vitetemeshi 6 kwa kila sauti, vinavyoweza kuunganishwa kwa namna 32. Wapigaji wengi walishindwa kuunda sauti zao wenyewe, wakatumia zile zilizowekwa kiwandani. Hivyo piano ileile ya umeme ikasikika katika nyimbo nyingi za muongo ule.

Vinanda vingi vya leo hutumia njia ya tatu: sauti ya ala halisi hurekodiwa, hupimwa maelfu ya mara kwa sekunde, na vipimo hivyo huhifadhiwa kama namba.

Hata hivyo fidla iliyorekodiwa vizuri yaweza kupigwa vibaya. Uzi wa chini kabisa wa fidla hutoa hezi 196. Mpigaji akishuka chini ya hapo anaitaka fidla itoe sauti isiyokuwa nayo. Sauti ya nyuzi inayopanda taratibu, tuseme kwa moja ya tano ya sekunde, haifai wimbo wa haraka: katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, nusu pigo huchukua robo ya sekunde tu, na sauti hufika kileleni wakati wa kuondoka umekwisha wadia. Naye achaguaye udi hapati faida kwa kuendelea kushikilia kibonyezo, kwa kuwa uzi uliokwisha kuchomolewa hauongezewi nguvu.

Tatizo lililo kubwa kuliko hayo, na ambalo wauzaji wa vinanda hawalitaji, ni la vidatu. Kinanda cha kawaida hugawanya oktava katika hatua 12 zilizo sawa, kila moja ikiwa na senti 100. Taarabu ya zamani, iliyofuata maqamu za Kiarabu, ina hatua zinazoangukia katikati. Katika maqamu ya Rast, sauti ya tatu huhesabiwa kinadharia kuwa senti 350 juu ya ile ya kwanza, ingawa wapigaji wa nchi mbalimbali huisogeza kidogo. Ikiwa sauti ya kwanza ni hezi 261.6, ya tatu itakuwa 320.2. Kinanda hakina sauti hiyo, kina 311.1 na 329.6 tu. Fidla ikishika 320.2 na kinanda kikashika 329.6, wasikilizaji watasikia mpwito wa mara tisa hivi kwa sekunde, na fidla ndiyo itakayodhaniwa kuwa imekosea. Mpiga fidla akijirekebisha ili apatane na kinanda, maqamu imekwisha geuka.

Dawa ya jambo hilo ipo. Baadhi ya vinanda, hasa vilivyotengenezwa kwa ajili ya muziki wa Kiarabu, vina vitufe vya kushusha sauti yoyote kwa senti 50. Mwenye kununua kinanda kwa ajili ya kikundi cha taarabu na akitafute kitufe hicho kwanza, kabla ya kuhesabu kinanda kina sauti ngapi.