Mshipi wa Ukweli



Katika vijiji vyetu, kutoka milima ya Umatengo hadi ufukoni Lituhi, Liuli na Mbamba Bay, neno kinga limo vinywani mwa wengi. Mkulima hutafuta kinga ya shamba, mvuvi kinga ya mtumbwi, mama kinga ya mtoto. Tupo hata tunaosali kanisani asubuhi, na jioni tukafunga hirizi mkononi. Basi leo tujiulize: Mkristo hukingwa na nini?

Mtume Paulo, akiwa kifungoni, aliwaandikia Waefeso juu ya silaha za Mungu. Katika sura ya 6, aya ya 14, kabla ya kutaja ngao, chapeo na upanga, anataja kwanza ukweli, akiufananisha na mshipi wa kiunoni. Mshipi ndio ulioikaza nguo ya askari isimkwaze miguuni. Aliyeulegeza, hata angekuwa na ngao nzuri, aliweza kuangushwa na vazi lake mwenyewe.

Hapa kwetu tunao mfano ulio karibu zaidi, nao ni ngoro. Kwa zaidi ya miaka 100 Wamatengo wamelima miteremko mikali kwa njia hiyo. Hufyeka majani na kuyalaza kwa mistari inayokatana, yakafanya miraba. Kisha huchimba udongo wa katikati na kuyafunika. Hapo hupatikana shimo, na matuta pande zote nne. Mvua inyeshapo, maji hutulia shimoni, udongo hauchukuliwi, na majani yaliyofunikwa huoza yakawa mbolea. Lakini tuta moja likibomoka na kuachwa, maji yake hulemea tuta la chini, nalo hulemea la chini yake.

Ndivyo ufanyavyo uongo. Mtu hutia jiwe moja katika gunia la kahawa ili mizani izidi. Akiulizwa, husema uongo wa pili kuuficha wa kwanza. Akibanwa, humsingizia kijana aliyebeba gunia. Jiwe lilikuwa moja. Sasa yamebomoka matuta matatu. Tangu siku hiyo kila anayebisha hodi humtia hofu, na hakuna hirizi iwezayo kumwondolea hofu hiyo, kwa maana adui ameingia kwa mlango aliomfungulia mwenyewe.

Upo uongo mzito zaidi. Mtoto hufariki kwa homa, na kabla ya matanga kwisha minong'ono huanza: ni yule bibi kizee, ana macho mekundu, anaishi peke yake. Hakuna aliyeona kitu, lakini kila mmoja huongeza neno lake. Katika nchi yetu wazee, hasa akina mama, wamekwisha kuuawa kwa maneno ya namna hiyo. Kumbe wakati sisi tulipokuwa tukijikinga na uchawi, ulimi wetu ndio ulioua. Katika mkutano wa namna hiyo, mtu mmoja akithubutu kusema, "Mimi sikuona, nawe hukuona," amekwisha kuwa tuta linalozuia maji. Ameilinda roho yake, na amelinda uhai wa jirani yake.

Hatusemi kwamba mkweli hapatwi na hasara. Bwana wetu aliushuhudia ukweli mbele ya Pilato, akasulubiwa. Kinga tunayoihubiri haizuii homa wala dhoruba ya ziwani. Huzuia jambo moja: roho ya mtu isitekwe na yule ambaye Yesu alimwita baba wa uongo.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Juma hili kila mmoja wetu akague shamba lake na kutengeneza tuta moja lililobomoka. Aliyepunja, arudishe. Aliyesingizia, aende akaombe radhi mbele ya wale wale waliomsikia. Aliyeficha dhambi, aiungame. Tena tukiwa na hirizi, tuifungue mkononi, na badala yake tujifunge mshipi.

Mungu wa kweli atujalie kuishi katika nuru yake. Amina.